Bahasha ya Kaki: Historia ya Kupimwa Kabla ya Kazi

Kila anayetafuta kazi Kitengela ana bahasha. Nyingi ni zile za kaki, saizi ya A4, zilizoanza kulegea kwenye kona kwa kushikwashikwa. Ndani mna cheti cha KCSE, cheti cha chuo kama kipo, kopi kadhaa za kitambulisho, barua ya chifu, barua ya pasta, na karatasi ya polisi inayosema kwamba mwenye bahasha si mhalifu. Ukisimama kando ya barabara ya Namanga asubuhi utaziona zikipita. Nyingine zinaelekea viwandani Athi River. Nyingine zinapanda matatu za Nairobi. Chache zinakwenda upande wa pili, zikipitia Isinya hadi Kajiado mjini, ziliko ofisi za kaunti.

Wabebaji wa bahasha hizi wameongezeka haraka sana. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Kwa miaka kumi mji umekaribia kuwa mara tatu. Wengi walikuja kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Nairobi, viwanda viko karibu, na matatu hazikosi. Mimi ni mmoja wao, na bahasha yangu imetembea hadi imechoka.

Lakini sikuketi kuandika ili nilie. Nataka kujua bahasha hii ilitoka wapi. Nani aliamua kwamba mtu anayetaka kufagia ghala, kuendesha lori au kujibu simu lazima kwanza apimwe hivi, kwa gharama hii, na mara nyingi kwa vitu ambavyo havihusiani na kufagia, kuendesha wala kujibu simu?

Tuanze na jambo moja rahisi. Mwajiri hakujui. Hilo si kosa lake. Hajui kama utafika saa mbili, kama utaiba, kama unaweza kazi. Kutojua huko kuna gharama, na lazima mtu ailipe. Anaweza kuilipa mwajiri, kwa kukupa wiki mbili za majaribio zenye malipo na kukuangalia. Au unaweza kuilipa wewe, kwa nauli, kwa vyeti, kwa siku nzima ukisimama getini. Nikisoma historia ya kuajiriwa Kenya, naona jambo moja likijirudia kwa zaidi ya miaka mia: gharama ya mwajiri kutojua imekuwa ikisukumwa kwa anayetafuta kazi.

Kopo shingoni

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza kwa nguvu vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Wengi walikiweka ndani ya kopo dogo la chuma lililofungwa kamba, wakalivaa shingoni. Babu zetu waliokuwa hai wakati huo walilifananisha na kengele ya mbuzi, na ukiishi katika kaunti ya wafugaji kama Kajiado unaelewa mara moja tusi hilo lilikuwa na uzito gani. Mbuzi mwenye kengele hapotei. Mwenyewe anajua aliko.

Kipande kilikuwa na jina, kabila na alama za vidole. Hapo tungeweza kusema ni kitambulisho tu. Lakini kilikuwa pia na jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, na sahihi ya mwajiri ya kuonyesha kwamba umeachiliwa. Kwa maneno mengine, kilikuwa CV ambayo huwezi kuiandika mwenyewe. Iliandikwa na mdosi, ikabebwa na wewe.

Angalia kilichofuata. Kama mwajiri hakutia sahihi, hukuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Ukiondoka bila ruhusa ulihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai, si ugomvi wa kawaida kati ya mtu na mwajiri wake. Na kwa kuwa mshahara wako wa zamani ulikuwa umeandikwa pale, mwajiri mpya aliusoma kabla hujafungua mdomo. Kama ulikuwa unalipwa shilingi nane, kwa nini akupe kumi na mbili?

Leo kwenye fomu nyingi za maombi ya kazi kuna mstari unaouliza: mshahara wako wa sasa ni ngapi? Nimeujaza mara kadhaa. Hakuna anayekulazimisha kuvaa kopo, lakini mstari ule unafanya kazi ileile. Unampa mwenye kazi bei yako ya jana ili asilipe bei ya leo.

Watu hawakukubali kimyakimya. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianzisha East African Association, na kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, na tarehe 16 Machi risasi zikafyatuliwa. Watu zaidi ya 20 wakafa, akiwemo Muthoni Nyanjiru, mwanamke anayekumbukwa kwa kuwakejeli wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Wengi huikumbuka siku hiyo kama mwanzo wa siasa za ukombozi, na ni kweli. Lakini naomba tuikumbuke pia kama siku watu walipokufa wakipinga, pamoja na mengine, karatasi ya kuombea kazi.

Kipande hakikuondoka. Mwaka 1926 ilikuja sheria ya kuwasajili watumishi wa nyumbani, na pamoja nayo kitabu kilichojulikana kama kitabu chekundu, ambamo mwajiri aliandika maoni yake kuhusu mpishi au yaya wake. Hadi 1947 ndipo sheria mpya ya usajili ilipowahusu watu wa rangi zote na kipande cha zamani kikazikwa. Jina halikuzikwa. Mpaka leo askari akikusimamisha usiku atakuuliza, "Kipande kiko wapi?"

Mtihani wa akili

Kipande kilipima rekodi yako. Aina ya pili ya kipimo ilidai kupima kichwa chenyewe, na ilikuja kutoka ng'ambo.

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, wanasaikolojia walitengeneza mitihani ya kuwapanga wanajeshi kwa makundi makubwa. Wanaume karibu milioni 1.7 waliifanya. Vita vilipoisha, wafanyabiashara waliona hapa kuna njia ya haraka ya kuchuja watu. Mwaka 1921 Thomas Edison, yule wa balbu, aliwapa vijana waliotaka kazi kwake maswali karibu 150: mji gani unatengeneza hiki, mto gani uko wapi, nani alivumbua nini. Maswali yalivuja magazetini na watu wakacheka. Albert Einstein, aliyekuwa akizuru Marekani mwaka huohuo, aliulizwa moja linalohusu kasi ya sauti. Akasema habari kama hizo habebi kichwani, maana zimo vitabuni. Kwa kipimo cha Edison, Einstein asingeajiriwa.

Kenya tulipata toleo letu. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza, R. A. C. Oliver, alichapisha Nairobi mtihani wa akili uliotengenezwa mahususi kwa Waafrika. Alilinganisha wanafunzi wa Alliance, kule Kikuyu, na wanafunzi Wazungu wa Prince of Wales, shule ambayo leo tunaiita Nairobi School. Wastani wa Waafrika ukawa karibu asilimia 85 ya wastani wa Wazungu. Oliver mwenyewe alionya kwamba namba hiyo haithibitishi tofauti ya kuzaliwa nayo, kwa sababu watoto hao hawakulelewa wala kusomeshwa katika hali moja. Lakini onyo huwa halisafiri mbali kama namba. Miaka hiyohiyo daktari H. L. Gordon, aliyehusika na hospitali ya Mathari, alikuwa akihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo, na akauliza hadharani kama kumpa elimu ya Kizungu kuna maana yoyote.

Sisemi kwamba kila testi ya leo ni mtoto wa Gordon. Ninachosema ni kwamba kipimo kinaweza kuonekana safi kabisa, chenye maswali yaleyale kwa kila mtu na saa ileile ukutani, na bado kikawa kinapima mahali ulikolelewa.

Kesi iliyoeleza jambo hili vizuri zaidi ilitoka North Carolina. Kampuni ya umeme ya Duke Power ilikuwa ikiwaweka wafanyakazi weusi katika idara moja tu, ile ya vibarua, ambamo mshahara wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa wa idara nyingine. Julai 1965 sheria mpya ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni ikafungua milango. Lakini siku hiyohiyo ikaweka mitihani miwili ya karatasi kwa anayetaka kuingia idara nzuri, na tayari ilikuwa ikidai cheti cha sekondari. Wafanyakazi weusi 13 wa kiwanda kimoja, jina la Willie Griggs likitangulia, wakaenda mahakamani.

Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mtihani wa kuajiri unaowafungia watu wa kundi fulani lazima uonekane unahusiana na kazi yenyewe. Kampuni kusema haikuwa na nia mbaya hakutoshi. Na kulikuwa na ushahidi mmoja mtamu: wazungu walioajiriwa zamani bila cheti wala mtihani walikuwa bado wakifanya kazi zao vizuri. Kama mtihani ungekuwa unapima kazi, hao wangekuwa wameshashindwa.

Mkono wa shati

Turudi nyumbani. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, tunayoyaita EPZ, ilipitishwa mwaka 1990, na eneo kubwa zaidi likajengwa Athi River, mlangoni kabisa mwa Kitengela. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha AGOA, sheria iliyoruhusu nguo kutoka nchi za Afrika kuingia soko lake bila ushuru. Viwanda vya nguo vikajaa. Ploti za Kitengela zikajaa vyumba vya kupangisha, na vyumba vikajaa wasichana waliokuja kushona.

Jirani yangu mmoja ni wa kizazi hicho. Alikuja mwaka 2001 na sasa ana duka la mboga karibu na soko la Noonkopir. Nilimuuliza intavyu yake ilikuwaje.

"Intavyu gani, mwanangu?" akacheka. "Tulikuwa tunafika getini saa kumi na moja, bado giza. Tunasimama laini. Mtu anatoka ndani, anaangalia mikono, anachagua. Wewe, wewe, wewe. Wengine rudini kesho."

"Na ukichaguliwa?"

"Unapelekwa kwa mashine. Unapewa mikono ya shati uishone. Unashona mpaka chakula cha mchana. Halafu supavaiza anasema tutakuita."

"Wakakuita?"

"Siku hiyo hawakuniita. Ile mikono ya shati niliyoshona ilienda Marekani. Mimi nikaenda nyumbani."

Hii hadithi inanisumbua kwa sababu mtihani wenyewe haukuwa mbaya. Kwa kweli ulikuwa wa haki kuliko mingi niliyowahi kufanya. Unataka mshonaji? Mpe cherehani ashone. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya miaka 85 ya utafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri zaidi nani ataweza kazi. Mahojiano yaliyopangwa, ambamo kila mtu anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa utaratibu uleule, nayo yalikuwa juu. Mazungumzo ya kubahatisha yalikuwa chini yake. Miaka ya uzoefu, kile kitu ambacho kila tangazo la kazi linakidai, ilisaidia kidogo tu. Kusoma mwandiko wa mtu hakukusaidia chochote.

Basi cherehani ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa muda na malipo. Dakika ishirini zingetosha kuona kama anajua kushona. Saa sita ni kazi, na kazi hulipwa. Januari 2003, wiki chache tu baada ya serikali ya NARC kuingia, wafanyakazi wa EPZ Athi River waligoma kwa wimbi kubwa wakilalamikia mishahara na jinsi wanavyotendewa. Jirani yangu wakati huo alikuwa tayari ndani, kiwanda kingine. Anasema watu waliokuwa bado getini ndio waliosimama kimya wakitazama, maana mtu asiye na kazi hana cha kugomea.

Sura ya Sita kwa dereva

Katiba ya 2010 ilikuja na Sura ya Sita, inayohusu uongozi na maadili. Ilikusudiwa kuwabana wakubwa: mawaziri, wabunge, majaji. Tulikuwa tumechoka kuongozwa na watu wenye kesi. Basi wanaotafuta vyeo vikubwa wakatakiwa kuonyesha kwamba wamelipa kodi KRA, wamelipa mkopo wa HELB, hawana rekodi ya uhalifu DCI, hawana madeni mabaya CRB, na hawana shida na EACC.

Sheria ikapanda ghorofani kuwatafuta wakubwa, na kabla hatujajua imeshuka ngazi hadi kwa dereva, karani na hata kijana wa atachi. Matangazo ya kazi yakaanza kudai vyeti vyote vitano siku ya kutuma maombi, kabla hata ya intavyu. Cheti cha maadili mema pekee kimekuwa kikilipiwa shilingi 1,050, na lazima uende ukatoe alama za vidole, vidole vyote kumi, wino mweusi, kama ilivyokuwa enzi za kipande. Ongeza ada za CRB na HELB, ongeza nauli ya kwenda na kurudi Kajiado au Nairobi, na mtu asiye na kazi ameshatumia elfu kadhaa kuthibitisha kwamba anafaa kuomba kazi. Vyeti vingine vinaisha muda, halafu unaanza upya.

Cha CRB ndicho kilichonichekesha kwa uchungu. Kuna vijana waliokopa mia chache kwenye simu, wakapoteza kibarua, wakashindwa kulipa, wakaorodheshwa. Hawapati kazi kwa sababu wana deni, na hawalipi deni kwa sababu hawana kazi. Mwaka 2020 Benki Kuu ililegeza kidogo, ikazuia kuorodheshwa kwa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000. Kumbe kabla ya hapo mtu angeweza kuzuiwa kuajiriwa kwa bei ya kuku mmoja.

Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira ya 2007. Sasa mwajiri hapaswi kumdai anayetafuta kazi vyeti hivyo isipokuwa kama ananuia kumpa mkataba. Kwanza niambie kazi ni yangu, ndipo niende kupanga laini ya vidole. Ni sheria nzuri, na wengi wanaotembea na bahasha Kitengela hawajawahi kuisikia. Nimeendelea kuona matangazo yanayodai "vyeti vya Sura ya Sita viambatanishwe", kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mpango wa miezi mitatu

Mimi sijui kushona. Kazi yangu ni maneno: matangazo, kurasa za mitandao, jarida la kampuni. Mtihani wa watu kama sisi hufika kwa barua pepe.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliniomba nitengeneze mpango wa mitandao ya kijamii wa miezi mitatu, machapisho 12 yaliyokamilika, na bajeti. Nilipewa siku tatu. Nikatuma. Nikaitwa kwenye mahojiano mbele ya watu watano. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mpango. Mmoja aliuliza, kama ningekuwa mnyama, ningekuwa mnyama gani. Mwingine aliuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Wa tatu aliuliza kama nina watoto au ninatarajia. Nikatoka, nikapanda matatu, nikarudi Kitengela. Sikupata hata ujumbe wa kunikataa. Baada ya muda nikaona maneno ya machapisho yangu mawili kwenye ukurasa wao, neno kwa neno.

Nilipomsimulia jirani yangu, alinisikiliza huku akifunga sukuma wiki. Kisha akasema, "Kumbe hata nyinyi mnashonea watu mikono ya shati."

Swali la mnyama, kwa njia, lina ukoo wake. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za teknolojia zilikuwa maarufu kwa mafumbo: mipira mingapi inaingia kwenye ndege, vituo vingapi vya petroli viko nchini. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi Google, alikiri hadharani kwamba waliangalia takwimu zao na kugundua mafumbo hayo hayatabiri lolote. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya anayeuliza ajisikie mwerevu. Google waliacha. Hapa kwetu mafumbo bado yanauzwa kama mtumba wa daraja la kwanza.

Wewe ni wa wapi?

Kuna kipimo kimoja ambacho hakiandikwi kwenye tangazo. Kajiado kinakuja kwa swali la upole, mara nyingi baada ya salamu: "Na wewe ni wa wapi?"

Nataka niwe wa haki hapa. Ardhi tunayopangishia vyumba ilikuwa malisho. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na familia nyingi za Kimaasai zikauza kipande kwa kipande hadi ng'ombe wakakosa pa kupita. Kijana wa Kimaasai ambaye babake aliuza ploti ambayo mimi nimepanga ana haki ya kuuliza kwa nini kazi za kaunti yake ziende kwa watu waliokuja juzi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilijaribu kushika pande zote mbili: angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kwa hesabu hiyo, wenyeji hawanyimwi na wageni hawafungiwi.

Lakini mizani hiyo inafanya kazi tu kama orodha inaonekana. Tusipoona nani aliomba, nani aliitwa na alama zilikuwa ngapi, kila upande unaamini umeibiwa. Mmaasai anasema kazi zimechukuliwa na wageni. Mgeni anasema kazi ni za ukoo. Na huenda wote wawili wameshindwa na mtu wa tatu aliyemjua mtu.

Nchi nzima ililiona hili mwaka 2014. Julai mwaka huo vijana walikimbia viwanjani, wakapimwa urefu, wakakaguliwa meno, ili polisi wapate makurutu 10,000. Malalamiko ya hongo yakawa mengi mno. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ikaenda mahakamani, na Oktoba Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote. Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Huo ulikuwa ushindi wa haki, na nilifurahi. Lakini fikiria yule kijana aliyekimbia kwa miguu yake, hakutoa hata shilingi, akachaguliwa. Naye alirudishwa nyumbani. Hata uongo wa wengine, bili ililetwa kwake.

Nani alipe

Sidai kazi zitolewe bila kipimo. Mtu akinitibu, ningependa awe amepimwa. Dereva wa matatu ninayopanda kesho asubuhi, ningependa sana awe amepimwa. Ninachodai ni mambo ambayo historia imeshayathibitisha mara kadhaa, na kwa damu ya watu.

Kipimo kifanane na kazi. Kama kazi ni kushona, nipe kitambaa. Kama ni kuandika, nipe aya moja niandike mbele yako. Kikizidi saa moja, kilipwe. Usidai cheti kabla ya kunipa kazi, maana sheria ya 2022 imeshasema. Usiniulize mshahara wangu wa zamani. Niulize ninachoweza, kisha sema unachoweza kulipa. Na ukinikataa, niambie. Ujumbe wa kukataliwa unagharimu shilingi moja, na humwachilia mtu aende kutafuta kwingine badala ya kukaa akingoja simu yako.

Jirani yangu sasa ana msichana mmoja anayemsaidia dukani. Nilimuuliza alimwajiri vipi. Alisema msichana alikuja akiwa na bahasha, akaanza kutoa vyeti kimoja kimoja juu ya nyanya. Akamwambia avirudishe, vitalowa. Akampa kisu na fungu la sukuma wiki, akamwangalia anavyokata. Jioni akamlipa pesa ya siku, kisha akamwambia kama anataka, arudi kesho saa kumi na mbili.